Juu ya Vyakula vya Wenyeji na Uchunguzi wa Lishe

Mtu atakaye kujua desturi za watu huanza mara nyingi kwa kuuliza habari za arusi, za jando na za matanga. Ni wachache waulizao habari za jikoni. Walakini jikoni ndiko desturi zitendekako kila siku, asubuhi na jioni, wala hazingoji sherehe. Tena maneno ya jikoni yana uzito wake. Wataalamu wa afya wajapo kuchunguza lishe ya watu, hesabu yao yote husimama juu ya maswali machache: mmekula nini, kiasi gani, na ni nani aliyekula. Majibu yakiandikwa visivyo, hesabu huwa si kweli, na shauri litokalo katika hesabu ile huweza kuwadhuru watoto wa watu. Katika maneno haya twataka kueleza habari za uchunguzi kadha wa kadha uliofanywa tangu miaka ya 1920 hata siku hizi, ili lionekane jambo moja: ya kwamba mchunguzi asiyejua chakula cha watu kwa majina yake na kwa desturi zake hawezi kuipima lishe yao, hata mizani yake ikiwa njema namna gani.

Tuanze Kenya. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, John Boyd Orr, mkuu wa chuo cha Rowett kilichoko Aberdeen katika Scotland, alishirikiana na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba ya Kenya, kuchunguza afya ya makabila mawili, Wakikuyu na Wamasai. Kitabu chao kilitolewa London mwaka 1931. Waliandika ya kuwa Wamasai waume, kwa wastani, waliwazidi Wakikuyu waume kwa urefu wa inchi 5 na kwa uzito wa ratili 23, na nguvu zao za misuli zilizidi kwa nusu. Sababu kubwa waliyoitaja ni chakula. Wamasai hula maziwa, nyama na damu. Wakikuyu hula nafaka, viazi, ndizi na kunde. Habari hii ilienea sana. Yalikuwako makabila mawili jirani, katika nchi moja, chini ya jua moja, na vyakula viwili vilivyo mbali mbali. Ilionekana kana kwamba maumbile yenyewe yamefanya jaribio, na wataalamu wameliandika tu.

Lakini mithali yetu husema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Katika kitabu chenyewe yamo maneno ambayo wasomaji wengi waliyapita. Orr na Gilks waliona ya kuwa wanawake wa Kikuyu hula mboga za majani kuliko waume wao, na ya kuwa tofauti baina ya wanawake wa makabila hayo mawili ni ndogo kuliko tofauti baina ya wanaume. Basi chakula cha Kikuyu hakikuwa kimoja. Katika nyumba ile ile, na kwa moto ule ule, palikuwa na vyakula viwili au zaidi, kwa kadiri ya mke na mume, mtoto na mzee. Mwaka 1997 mwanahistoria Cynthia Brantley aliurudia uchunguzi huo, akaonyesha ya kuwa ile sura ya makabila mawili yenye vyakula viwili imeyarahisisha mambo kupita kiasi.

Tuwatazame Wakikuyu wenyewe. Mwanamke aliyejifungua hupikiwa njahi, yaani fiwi nyeusi, na chakula hiki kina heshima kwao hata leo. Mboga zao za majani ni nyingi: terere, ambayo kwa Kiswahili ni mchicha, managu, ambayo ni mnavu, na thabai, majani yawashayo ambayo hupoteza ukali wake yakipikwa. Mboga nyingi za namna hii hazikupandwa kwa safu. Zilichumwa na wanawake na watoto kando ya mashamba, msimu wake ulipofika. Sasa mgeni akija na daftari lake, akamwuliza mwenye mji, mzee mwanamume, "Ninyi hula nini?", atajibiwa mahindi, maharagwe, viazi na ndizi. Mzee hakusema uwongo. Ametaja vile vijazavyo chungu na ghala, maana ndivyo alivyoulizwa. Vile vilivyochumwa na mkewe jioni havimo katika jibu lake, na kwa hiyo havimo katika daftari.

Kwa Wamasai mambo ni hayo hayo. Mwenye kuishi kwa maziwa, nyama na damu alikuwa hasa moran, kijana wa rika la vita. Wanawake, watoto na wazee walipata pia nafaka na kunde kwa biashara na majirani zao wakulima, na Wakikuyu walikuwa miongoni mwa majirani hao. Biashara hii ilikuwa mikononi mwa wanawake, nayo iliendelea hata nyakati ambazo waume zao walipigana. Tena mchuzi wa nyama hutiwa magome na mizizi ya miti, ambayo wenyewe huihesabu kuwa dawa kuliko chakula. Mchunguzi aulizaye chakula tu hataambiwa habari za magome.

Liko jambo jingine lililo zito zaidi. Makabila haya hayakupimwa katika hali yao ya zamani. Wamasai walikwisha kuhamishwa katika sehemu kubwa ya malisho yao kwa mapatano ya mwaka 1904 na ya mwaka 1911. Wakikuyu wa upande wa Kiambu walikwisha kupoteza mashamba kwa walowezi, na wanaume wengi walikwenda kazi za mbali ili kulipa kodi, wakaishi kwa posho ya unga wa mahindi. Mtu apimwaye katika hali hiyo hapimwi desturi ya babu zake. Amepimwa mshahara wake na posho yake. Lakini daftari likiandika "chakula cha kabila," kosa huwekwa juu ya kabila, na dawa itafutwayo ni kuwafundisha watu kula. Ardhi na mshahara havisemwi.

Yafaa tukumbuke ya kuwa Orr mwenyewe, aliporudi kuchunguza chakula cha watu wa kwao, alishika njia nyingine. Mwaka 1936 alitoa kitabu juu ya chakula, afya na mapato katika Uingereza. Huko hakuwagawanya watu kwa makabila, bali kwa mapato yao, mafungu sita, tangu maskini hata matajiri. Akaona ya kuwa kadiri mapato yapunguavyo ndivyo chakula kipunguavyo ubora, na ya kuwa karibu nusu ya watu hawakupata chakula cha kutosha kwa afya kamili. Baadaye, mwaka 1945, alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Hatusemi haya kwa kumdharau mtu aliyewafaa wengi. Twataka msomaji aone ya kuwa mtaalamu yule yule, kwa watu ambao aliijua hali yao, aliuliza swali la mapato. Na kwa watu ambao hakuijua hali yao, aliuliza swali la kabila.

Katika miaka ile ile, upande wa magharibi wa Afrika, daktari mmoja mwanamke alionyesha njia iliyo tofauti. Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikuwa akiwatibu watoto katika Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana. Aliwaona watoto wenye kuvimba miguu, ngozi ikichubuka, nywele zikibadilika rangi, nao wengi walikufa. Mwaka 1933 aliandika habari za ugonjwa huo, akauhusisha na watoto walioachishwa ziwa wakalishwa uji wa mahindi. Wataalamu wengine walibisha, wakisema ni ugonjwa uliokwisha kujulikana, yaani pelagra. Mwaka 1935 aliandika tena, na mara hii aliutaja kwa jina la wenyeji: kwashiorkor. Ni neno la lugha ya Waga wa pande za Accra, na maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mwenziwe alipozaliwa. Jina hili lilikuwa ndani yake na habari ya chanzo. Akina mama wa Accra walikwisha kuona ni mtoto yupi augua na ni wakati gani. Alilobaki nalo daktari ni kueleza kwa nini, na kutafuta chakula cha kumwokoa. Leo neno hilo hutumika katika vitabu vya tiba ulimwenguni mwote, na sisi twalisema kwashiakoo.

Wasomaji wa Kiswahili hawana haja ya kwenda Accra ili kupata mfano. Pwani yetu liko neno kubemenda. Husemwa ya kuwa mtoto amebemendwa akidhoofika kwa sababu wazazi wake wamerudiana kabla hajaacha ziwa. Wengi wetu tumelisikia tukaliweka katika fungu la ushirikina. Lakini neno hili, kama lile la Waga, laelekeza kwa mtoto yule yule: aliye katika mwaka wake wa pili, ambaye mamaye aweza kuchukua mimba nyingine. Sababu wanayoitaja wazee si ile ya daktari. Lakini mtoto waliyemwona ni mmoja. Mwuguzi akilijua neno hili, aweza kumwuliza mama asiyethubutu kusema wazi, akampata mtoto mapema. Akilicheka, mama atanyamaza, na mtoto atakuja hospitali siku ya mwisho.

Upande wa kusini, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, Audrey Richards alikaa kwa Wabemba mara mbili, mwaka 1930 hata 1931, na tena 1933 hata 1934. Kitabu chake juu ya ardhi, kazi na chakula kilitolewa mwaka 1939. Aliona ya kuwa kwa Mbemba chakula ni ubwali, ugali wa wimbi, pamoja na umunani, yaani kitoweo. Watu wakiisha kula magunzi kadha ya mahindi ya kuchoma walikuwa wakisema hawajala kitu tangu asubuhi, nao walisema kwa moyo safi. Mahindi ya kuchoma si chakula katika maana yao ya neno. Kwa hiyo hakutosheka na kuuliza. Alikaa karibu na majiko, akaandika kilichopikwa, kilichochumwa na kuliwa njiani, matunda ya mwitu, uyoga na viwavi, na ni nani aliyempelekea mwenziwe sahani. Tena aliona ya kuwa wanaume wakienda migodini, miti haikatwi kwa kilimo chao cha kuchoma matawi, na ghala hupungua. Hivyo alifungamanisha chungu na shamba, na shamba na safari ya kazi.

Je, sisi tu mbali na Wabemba? Mswahili aliyekula muhogo wa kuchoma na nazi saa nne, akanywa madafu, akatafuna embe, ukimwuliza saa nane atasema, "Sijala bado." Maana wali haujaiva. Neno chakula lina mlango mwembamba: huingia wali, ugali na ndizi, kitoweo husimama kando yake, na vingine vyote ni vya kupoza njaa tu. Tena wengi wa pwani hula katika sinia moja, na kila mmoja huchukua kwa adabu kadiri ya umri wake. Swali la "wewe umekula kiasi gani" halina jibu katika sinia. Mchunguzi mwenye akili hutafuta njia nyingine: hupima chungu kabla ya kupakuliwa na baada yake, huandika waliokaa, na hutazama mikono.

Hata majina yakiisha kuandikwa, kazi haijaisha. Mchunguzi huchukua kila jina akalitafuta katika jedwali la vyakula, lionyeshalo kila kimoja kina nguvu, protini, madini na vitamini kiasi gani. B. S. Platt alitoa jedwali la namna hii kwa nchi za joto mwaka 1945, na baadaye nchi zetu zimefanya ya kwao. La Tanzania lilitolewa mwaka 2008. Ikiwa mboga haimo katika jedwali, au haimo katika orodha ya maswali, basi kwa hesabu ni kama haikuliwa. Mwanamke aliyekula mlenda na mgagani siku tano katika wiki huandikwa kuwa hakula mboga. Kwa hiyo kazi ya mtu kama Patrick Maundu ni kazi ya afya, si ya mimea peke yake. Yeye na wenziwe wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walitoa mwaka 1999 kitabu cha mimea iliwayo katika Kenya, kila mmea na majina yake katika lugha za wenyeji. Jina la kienyeji ndilo daraja baina ya mama aliye jikoni na jedwali la mtaalamu. Daraja likikosekana, mboga hukaa ng'ambo.

Katika miaka ya karibu wachunguzi wengine wameanza kukifanya chakula cha wenyeji kuwa jambo lenyewe la kuchunguzwa. Mwaka 2015 zilitolewa habari za jaribio lililobadilishana vyakula kwa wiki mbili baina ya Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa mashamba katika Afrika Kusini. Wamarekani walipewa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache kwa mfano wa Afrika, na Waafrika wakapewa chakula cha namna ya Marekani. Katika muda huo mfupi dalili zihusikazo na hatari ya saratani ya utumbo mpana zilipungua kwa hao wa kwanza, zikaongezeka kwa hao wa pili.

Jaribio jingine lilifanywa kwetu, Kilimanjaro, na habari zake zikatolewa mwaka 2025. Wataalamu wa Moshi walishirikiana na wa Nijmegen katika Uholanzi. Vijana waume 77 wenye afya njema waligawanywa mafungu. Wa mashambani, waliozoea chakula cha asili, walilishwa chakula cha kizungu wiki mbili. Wa mjini walirudishiwa chakula cha asili, yaani mboga, kunde, ndizi na nafaka zisizokobolewa. Wengine walikunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, wiki moja. Na wachache waliachwa katika chakula chao ili iwepo sura ya kulinganisha. Damu ya wale waliotoka chakula cha asili ilionyesha uvimbe wa ndani kuzidi, na chembe zake zikapungua nguvu za kujibu vijidudu. Damu ya waliorudi chakula cha asili, na ya waliokunywa mbege, ilionyesha uvimbe kupungua. Na mabadiliko mengine yalionekana hata wiki nne baadaye. Wala sisi hatusemi watu wanywe pombe; faida na hasara za mbege hazipimwi kwa wiki moja. Tena waliochunguzwa ni wanaume tu. Wale wapikao, wachumao na walishao watoto hawakuwamo, na habari za Wakikuyu zimekwisha kutuonya juu ya jambo hilo.

Huenda msomaji akauliza: je, kila chakula cha asili ni chema? Hasha. Katika sehemu nyingi za bara wanawake wenye mimba walikatazwa mayai, na mwiko huo haukuwafaa. Muhogo mchungu usioondolewa sumu yake vema huleta ulemavu wa miguu uitwao konzo. Wala asili haikusimama mahali pamoja: mahindi, ambayo wengi huyaona chakula cha mababu, yalitoka Amerika, ijapokuwa jina lake laelekeza Uhindi. Hatutaki mtu asifu chungu bila kukifunua. Mchunguzi aulizaye kwa heshima ndiye atakayeambiwa mwiko pamoja na mboga. Naye adharauye hataambiwa hata kimoja.

Katika kazi hii walimu na mapadri wana nafasi ambayo wataalamu wengi hawana. Mtaalamu huja kwa majuma machache, sisi tunakaa. Yatupasa basi kuandika, kila mtu mahali pake, majina ya vyakula kwa lugha ya pale: vya shambani, vya porini, vya majini, mwezi viliwapo, ni nani ale na ni nani asile, namna vipikwavyo, na vile viliwavyo ambavyo watu hawaviiti chakula. Tuwaulize wanawake, na kwao tuanze na wazee, maana mengi yanaondoka pamoja nao. Yatupasa pia kuangalia maneno yetu darasani. Mtoto akiambiwa mbele ya wenziwe ya kuwa mlenda au mnavu ni chakula cha maskini, ataona haya kuula na kuutaja. Na siku mchunguzi atakapokuja kumwuliza amekula nini jana, atataja mkate na chai. Jibu hilo litaingia katika daftari, na daftari litakwenda mjini, na shauri litakalorudi litakuwa la watoto wengine, si la huyu.